Ofisi iliyoita kila kisanduku rauta

Simu iliingia Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. "Fundi, rauta imekufa tena." Nikauliza rauta ipi. Mhasibu aliyepiga akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Hii hapa kwetu, yenye taa."

Ofisi ile ilikuwa na visanduku vinne vyenye taa, na vyote viliitwa rauta. Kimoja kilikuwa rauta kweli, kilicholetwa na kampuni ya intaneti. Cha pili kilikuwa swichi ya matundu 24, imefungwa ukutani ghorofa ya chini. Cha tatu, chini ya meza ya uhasibu ghorofa ya juu, kimejaa vumbi, kilikuwa habu, kifaa ambacho sikuwa nimekikuta kazini kwa miaka mingi. Cha nne kilikuwa cheupe, chenye antena mbili, kimenunuliwa wiki iliyotangulia ili chumba cha mikutano kipate waifai. Hicho hata kwenye boksi lake kimeandikwa rauta, na ndicho kilichotuchosha.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hitilafu zake tatu zilikuwa zimepandana, moja ikiificha nyingine, na kila moja ilitokana na mtu kudhani kifaa hiki ni kile. Mmoja wa watu hao ni mimi.

Malalamiko yalikuwa hivi. Baadhi ya watu wana intaneti, wengine hawana, na hakuna mpangilio: dawati hili linafungua tovuti, la pembeni yake halifungui. Printa inaonekana asubuhi, mchana imepotea. Ukizima kompyuta na kuiwasha, wakati mwingine inapona, wakati mwingine iliyokuwa nzima ndiyo inaugua. Na uhasibu walikuwa na lao tofauti: kila ifikapo saa tisa alasiri, kazi zao zote hukwama kwa muda, hata siku ambazo wengine wako salama.

Nilianza vibaya. Niliposikia "intaneti hakuna" niliwapigia watoa huduma, nikakaa kwenye simu karibu saa nzima. Ningeanza na kisanduku chao ningeokoa muda huo. Kile kisanduku ni vifaa vinne ndani ya ganda moja: sehemu inayogeuza mwanga wa faiba kuwa ishara za umeme, ambayo wengi bado tunaiita modemu; rauta yenyewe; swichi ndogo ya matundu manne; na redio ya waifai. Taa ya faiba ilikuwa kijani. Nilichomeka kompyuta yangu moja kwa moja kwenye tundu lake, tovuti zikafunguka bila shida. Basi laini ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba.

Kompyuta mbili kwenye meza moja

Mapokezi kulikuwa na kompyuta mbili zimekaa bega kwa bega. Zote mbili waya wake uliingia kwenye ile swichi ya matundu 24, tundu la 5 na la 6. Moja nzima, moja mgonjwa. Nikafungua dirisha jeusi la amri kwenye ile nzima, nikaandika ipconfig. Ikaniambia anwani yake ni 192.168.10.31 na lango lake 192.168.10.1, yaani ile rauta ya watoa huduma. Nikahamia kwa jirani yake. Yeye akajitambulisha kama 192.168.0.104, na lango lake 192.168.0.1.

Hapo nilivuta kiti nikakaa. Mtandao huu haukupaswa kuwa na 192.168.0 yoyote.

Kabla kompyuta haijatuma chochote hujiuliza swali moja: ninayemtafuta ni jirani au ni mtu wa mbali? Jibu hulipata kwenye ile namba 255.255.255.0 inayokaa chini ya anwani. Kwa namba hiyo, wanaofanana sehemu tatu za mwanzo za anwani ni majirani, na wanaotofautiana hata moja ni wa mbali. Kwa jirani, kompyuta hupiga kelele mtaani, "Nani mwenye anwani hii?", mwenyewe huitika kwa kutaja anwani yake ya MAC, namba ambayo kifaa hupewa kiwandani, na mazungumzo huendelea moja kwa moja baina yao. Kwa wa mbali, haiulizi mtaani. Inakabidhi mzigo kwa lango na kumwachia lango ajue njia.

Sasa chukua printa. Ilikuwa mita tatu kutoka pale, kwenye swichi ileile, na anwani yake ya kudumu ni 192.168.10.50. Ukifuata waya, kompyuta mgonjwa na printa ni watu wa chumba kimoja. Ila kompyuta ikitazama namba inaona 10 pale ambapo yenyewe ina 0, inahitimisha kwamba printa inaishi mbali, na inatuma kazi ya kuchapa kwa 192.168.0.1, ambaye hajui printa wala haijui njia ya kutoka nje. Swichi iliyo katikati haisemi neno. Haisomi kabisa anwani za IP, yaani zile za 192.168. Kazi yake ni kusoma anwani ya MAC iliyoko mwanzoni mwa fremu, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye waya, na kuipeleka fremu kwenye tundu linalohusika, basi. Ukimwomba akupeleke kwa mtu asiyefaa, atakupeleka kwa uaminifu uleule.

Kwangu tofauti ya vifaa hivi inakaa hapo, katika kile ambacho kifaa kinasoma kabla ya kupitisha kitu. Habu haisomi chochote. Swichi inasoma MAC. Rauta inasoma IP. Umbo, idadi ya antena na maandishi ya boksi havikuambii hilo.

Kuwahoji mashahidi

Nikabaki na swali: huyu 192.168.0.1 ni nani, na anakaa wapi? Kwenye ile kompyuta mgonjwa niliandika arp -a, nikapata anwani yake ya MAC, herufi na tarakimu 12. Sita za kwanza ni za mtengenezaji, kwa hiyo nikajua kampuni iliyokiunda. Ofisi haikuwa na kifaa cha kampuni hiyo kwenye orodha yake ya mali, jambo lililonionyesha kuwa kimeingia kwa mlango wa nyuma.

Shahidi wa kwanza alikuwa swichi ya ukutani. Ni swichi inayoruhusu fundi kuingia ndani yake kwa neno la siri na kuuliza maswali, na swali lenye thamani kuliko yote ni: nionyeshe jedwali lako la MAC. Jedwali hilo hulijaza yenyewe. Kila fremu inayoingia ina MAC ya aliyeituma, na swichi huandika: huyu nimemwona tundu namba fulani. Fremu ya kumjibu ikija, haihitaji kuwasumbua wengine, inaipeleka tundu lile tu. Asiyesikika kwa sekunde 300 kwa kawaida hufutwa, na akitafutwa tena kabla hajasema neno, swichi humwagia fremu matundu yote mpaka aitike.

Nilitafuta MAC ya mgeni wetu. Tundu la 17. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni, 17 imeandikwa kwa kalamu ya wino, "juu". Lakini kwenye tundu hilohilo swichi ilikuwa imeandika anwani saba. Maana yake huko juu kuna kifaa kingine kinachowagawia watu waya, na swichi yangu inawaona wote kupitia mlango mmoja. Ushahidi wake uliishia kwenye ngazi.

Nikapanda. Waya wa 17 ulitokea chini ya meza ya uhasibu, kwenye ile habu. Shahidi wa pili, na huyu hakuwa na la kusema, kwa kuwa habu haina jedwali, haina kumbukumbu, haina ukurasa wa mipangilio. Ishara ya umeme ikiingia tundu moja, inaikuza na kuirudia kwenye matundu mengine yote. Ni ripita yenye midomo mingi. Swichi ndogo za bei nafuu nazo huwezi kuzihoji, ila kuna tofauti: swichi ndogo inajua nani yuko wapi, haina mdomo wa kukwambia tu. Habu haijui.

Ikabidi nifuate nyaya kwa mkono. Matundu nane, saba yametumika. Moja unatoka chini. Tano zinakwenda kwenye kompyuta za uhasibu. Wa saba unapenya ukutani, na upande wa pili wa ukuta ni chumba cha mikutano. Huko, nyuma ya runinga, kikiwa kimelala juu ya kabati, kilikuwapo kile kisanduku cheupe. Nikakigeuza. Karatasi ya chini ilikuwa na MAC yetu, imeandikwa kwa herufi ndogo za kuumiza macho.

Tundu la bluu na matundu ya njano

Aliyekiweka hakuwa mzembe. Alihitaji waifai, alinunua kifaa cha waifai, akachukua waya uliotoka ukutani na kuuchomeka kwenye tundu lililokuwa karibu. Kisanduku kilikuwa na matundu matano: manne ya njano na moja la bluu lililojitenga kidogo. Yeye alichomeka la njano.

Lile tofauti la rangi ndilo lenye mambo. Ungechomeka waya kwenye bluu, kisanduku kingekuwa rauta kama boksi linavyosema: upande wa bluu ni "nje", upande wa njano na waifai ni "ndani", na katikati kinasoma IP na kubadilisha anwani za wa ndani ili watoke kwa jina moja. Wageni wa mikutano wangepata intaneti, na ofisi isingehisi chochote. Mabadiliko ya anwani yangefanyika mara mbili, mara moja pale na mara ya pili kwenye rauta kubwa, jambo linaloudhi baadhi ya programu, lakini watu wangefanya kazi.

Ukichomeka kwenye njano, hadithi ni nyingine. Matundu manne ya njano ni swichi ya kawaida, na redio ya waifai imeunganishwa na swichi hiyo kwa ndani. Rauta iliyomo haitumiki kupitisha chochote, imekaa kando haina pa kutokea. Kisanduku kimegeuka swichi yenye eksesi pointi, yaani kituo cha kurushia waifai. Hicho hasa ndicho kilichokuwa kinahitajika chumba cha mikutano! Shida ni kwamba kuna mfanyakazi mmoja ndani yake ambaye hakuambiwa kazi imebadilika: seva ya DHCP.

DHCP ndiyo inayogawa anwani. Kompyuta ikiamka bila anwani hutoa tangazo kwa mtandao mzima, "Nani atanipa anwani?" Seva huitika na pendekezo, kompyuta hulikubali, seva huthibitisha. Tangazo linafika kila kona ambayo swichi na habu zinafika, kwa sababu hizo hazizuii matangazo. Linakomea kwenye rauta. Kama kisanduku cheupe kingechomekwa kwa bluu, matangazo ya ofisi yangegonga upande wake wa nje na kuishia hapo. Kwa kuwa kilichomekwa kwa njano, kila kompyuta iliyoamka ilisikiwa na seva mbili, na zote mbili zikajibu.

Kompyuta nyingi hukubali pendekezo linalofika kwanza. Nani alikuwa anashinda mbio? Mara nyingi yule mbaya, na sababu yake inachekesha. Rauta kubwa ilikuwa imewekwa kwa uangalifu: kabla ya kutoa anwani, huipigia ping kwanza, yaani huiita isikie kama kuna anayeitika, kuhakikisha hakuna mtu anayeitumia, husubiri kidogo, ndipo ipendekeze. Kisanduku cheupe hakikujali. Kilijibu papo hapo. Mwangalifu akachelewa, mropokaji akawahi. Ndiyo maana kuwasha upya kulikuwa bahati nasibu, na ndiyo maana kila siku idadi ya wagonjwa iliongezeka.

Dawa ilichukua dakika kumi. Niliingia kwenye mipangilio ya kisanduku cheupe, nikazima DHCP, nikakipa anwani 192.168.10.2 ili siku nyingine nikipate kwa urahisi, nikabandika karatasi juu ya tundu la bluu: USICHOMEKE HAPA. Kompyuta zilizougua nikaziachisha anwani za zamani kwa ipconfig /release na kuziombea mpya kwa ipconfig /renew. Printa ikarudi. Bosi akapita, akauliza, "Rauta imepona?" Nikasema imepona. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba imepona kwa kuacha kuwa rauta.

Saa tisa ya uhasibu

Nilirudi juu kabla sijaondoka, kwa sababu lile la saa tisa lilikuwa bado. Muda huo programu yao hunakili hifadhidata kwenda kwenye seva, faili la kama megabaiti 700. Nilikaa sakafuni nikaiangalia habu. Ilipofika saa tisa kamili, taa ndogo iliyoandikwa COL, ambayo mchana kutwa ilikuwa ikikonyeza mara moja moja, ikawa haizimiki.

Habu ile ilikuwa ya megabiti 10 kwa sekunde, na hizo 10 si za kila tundu, ni za wote kwa pamoja. Isitoshe, kwa kuwa kila ishara inarudiwa kila mahali, wawili wakisema kwa wakati mmoja sauti zao zinagongana na kuharibika. Kompyuta hugundua mgongano, hunyamaza kwa muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena. COL inawaka kila mgongano unapotokea. Piga hesabu: baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabaiti 700 ni megabiti 5,600, na kwa megabiti 10 kwa sekunde, ukipewa waya peke yako bila mgongano hata mmoja, ni sekunde 560, zaidi ya dakika tisa. Ukiongeza watu wengine wanne wanaojaribu kufanya kazi, zinakuwa nyingi zaidi, na kila mmoja anaamini kompyuta yake ndiyo nzito.

Swichi ya kwanza ya Ethernet kuuzwa kibiashara, ya kampuni ya Kalpana, ilitoka mwaka 1990 ikiwa na matundu saba. Tangu hapo habu zilikuwa zinaishi kwa sababu ya bei tu. Leo bei si hoja tena, na sijui sababu ya kuiacha habu mahali popote, labda kwenye kabati la fundi anayetaka kusikiliza mazungumzo ya vifaa viwili, maana kwenye habu kila mtu husikia kila kitu. Hilo nalo, kwa idara ya uhasibu, si sifa.

Niliitoa, nikaweka swichi ndogo ya matundu nane ya gigabiti moja. Nakala ya siku iliyofuata haikumaliza dakika. Nikapokea pongezi, nikazikubali.

Jumatano

Jumatano saa nne asubuhi ofisi nzima ilizimika. Sasa hapakuwa na suala la huyu anayo, yule hana. Hata kupiga ping kutoka kompyuta moja kwenda ya pili kulishindikana, na simu za mezani zinazotumia mtandao zikakata.

Nilipofika mbele ya swichi ya ukutani sikuhitaji kompyuta. Taa zote 24 zilikuwa zikipepesa kwa pamoja, kwa kasi moja, kama zimefungwa kamba. Mtandao wenye afya hukonyeza ovyo, kila tundu na mdundo wake. Taa zikiimba kwaya, kuna kitanzi, yaani nyaya zimefunga duara mahali fulani. Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja nikitazama. Nilipochomoa wa 17, kwaya ikanyamaza. Nikaurudisha, nikachomoa wa 18, ikanyamaza tena. Kwa hiyo njia zote mbili zilikuwa zinakutana huko juu.

Chumba cha mikutano kilikuwa na soketi mbili ukutani. Moja, tunaijua, inapita uhasibu na kushuka tundu la 17. Ya pili inashuka moja kwa moja tundu la 18, na haikuwa na kazi. Dada mmoja aliyekuwa anaandaa mkutano alikuta waya mfupi umeachwa juu ya kabati. Akaona soketi iko wazi na kisanduku cheupe kina matundu ya njano yaliyo wazi, akaunganisha. "Nilidhani zikiwa mbili waifai itakuwa na nguvu zaidi," aliniambia, na kwa kweli sikupata cha kumlaumu. Kwenye mabomba ya maji hesabu hiyo ingekuwa sahihi.

Fuatilia sasa tangazo moja tu, lile la "Nani mwenye anwani hii?" Linafika swichi ya ukutani. Swichi, kama inavyopaswa, inalitoa matundu yote isipokuwa lililoingilia. Nakala moja inapanda 17, nyingine inapanda 18. Iliyopanda 17 inapita swichi ya uhasibu, inafika kisanduku cheupe, kinaitoa matundu yake yote, inashuka 18. Iliyopanda 18 inazunguka kinyume na kushuka 17. Swichi ya ukutani inazipokea kama matangazo mapya, inazitoa tena kwa wote. Hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuziona.

Tena hazichakai. Pakiti ya IP, mzigo unaobebwa ndani ya fremu, ina namba ya maisha inayoanza kwa kawaida na 64 au 128, na kila rauta inayoipitisha hupunguza moja. Ikifika sifuri inatupwa, kwa hiyo kitanzi cha rauta hujimaliza chenyewe. Fremu ya Ethernet haina namba ya namna hiyo, wala swichi haigusi iliyo ndani ya pakiti. Tangazo lililoingia kitanzini litazunguka mpaka mtu achomoe waya. Wakati huohuo jedwali la MAC linachanganyikiwa, maana mtu yuleyule anaonekana sasa 17, sasa 18, sasa 17 tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, hivyo hata fremu zisizo matangazo zinapelekwa kusikokuwa.

Na hapa ndipo pongezi zangu zilipoisha utamu. Njia ya kitanzi ilipita uhasibu. Ingekuwa habu ya zamani bado ipo, tufani hiyo ya matangazo ingebanwa na megabiti zake 10: kwa fremu fupi kabisa, ukomo ni fremu 14,880 kwa sekunde. Ni balaa, lakini huenda ofisi ingechechemea badala ya kuanguka. Mimi nilikuwa nimeweka njia ya gigabiti moja, ambako ukomo ni 1,488,095. Kila kompyuta, kila printa na kila simu ilikuwa inalazimika kupokea mafuriko hayo na kuyasoma, kwa kuwa tangazo ni la wote.

Nilichomoa ule waya mfupi, nikauweka mfukoni, ofisi ikarudi ndani ya sekunde chache. Ila swali halikuishia kwa dada wa mikutano. Swichi ya ukutani ilipaswa kujilinda yenyewe. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya DEC, alibuni utaratibu ambao swichi hutumiana ujumbe mdogo kuchunguza njia, na zikigundua njia mbili zinafika mahali pamoja, moja inafungwa mpaka itakapohitajika. Utaratibu huo, STP, uliingia kwenye kiwango cha IEEE 802.1D mwaka 1990. Visanduku vidogo vya juu havikuujua, lakini visingeuzuia: ujumbe wa swichi ya ukutani ungezunguka kitanzi na kumrudia mwenyewe, naye angejua kuna njia mbili na kufunga tundu moja.

Nikaingia kwenye mipangilio. STP ilikuwa imezimwa, na aliyeizima ni mimi, nilipoifunga swichi hiyo miaka miwili nyuma. Nilikumbuka hata sababu. Kwa STP ya zamani, tundu likichomekwa husubiri sekunde 15 likisikiliza na nyingine 15 likijifunza kabla ya kupitisha chochote. Watu walilalamika kwamba wakiwasha kompyuta wanakaa nusu dakika bila mtandao, nami nikachagua njia ya mkato. Njia sahihi ilikuwapo palepale, mistari michache chini yake: kuyatangaza matundu ya kompyuta kuwa ya ukingoni, yasisubiri, na kuacha ulinzi ukifanya kazi.

Safari hii niliifanya kama inavyotakiwa. STP ikawashwa. Matundu ya kompyuta yakatangazwa ya ukingoni. 17 na 18 yakaachwa yasubiri. Kisha nikawasha ulinzi wa DHCP, ambao huifanya swichi, kwa mara moja, ichungulie ndani zaidi ya kawaida yake: majibu ya DHCP yanaruhusiwa kuingia tundu la 1 tu, lenye rauta kubwa, na yakitokea tundu jingine lolote hutupwa. Swichi ya namna hii inasoma MAC kwa kupeleka na inasoma juu yake kwa kulinda, kwa hiyo ule mpaka niliouchora mwanzoni una mahali pa kuvukia. Kwa swichi nyingi za kawaida bado unasimama.

Bosi aliniomba jambo moja la mwisho, ripita ya waifai kwa ajili ya mwisho wa korido. Nilimkatalia. Ripita yenye redio moja husikia na kusema kwa masafa yaleyale, hivyo kila neno hutumia hewa mara mbili na kasi hushuka karibu nusu. Korido ilikuwa na soketi ya waya ambayo haikufika hata mita 100 kutoka kwenye swichi, ukomo wa kebo ya shaba ya aina hiyo. Eksesi pointi yenye waya wake ikamaliza kazi.

Kabla ya kuondoka nilibandika karatasi kwenye kila kisanduku, kwa herufi kubwa: RAUTA, SWICHI, SWICHI YA UHASIBU, WAIFAI YA MIKUTANO. Wiki tatu baadaye niliingia kwenye swichi ya ukutani nikiwa mbali, nikasoma kumbukumbu zake. Alhamisi moja, saa tano na dakika chache asubuhi, ilikuwa imefunga tundu la 18 kwa sababu ya kitanzi, na ikalifungua jioni. Kuna mtu alikuwa amechomeka tena. Siku ile hakuna aliyenipigia simu.